Kipima Unyevu Kilichobarikiwa

Juzi nilikuwa katika duka la fundi wa redio hapa Lodwar, nikingoja simu yangu ijae chaji. Fundi alikuwa anamwonyesha mama mmoja mtu mzima kifaa cha kumwagilia bustani. Ndani yake mlikuwa na chipu ya bei ya chini, ndogo kuliko ukucha.

"Hii chipu inapima udongo yenyewe na kugeuza unyevu kuwa namba," fundi alieleza, akichomeka ncha zake kwenye kopo la mchanga. "Ikiona kumekauka, pampu inawaka."

Pampu ikanguruma ndani ya beseni la maji. Mama akatabasamu.

"Ejok, ni nzuri. Lakini kitu mpya lazima ibarikiwe."

Akasogeza tumbaku aliyokuwa akitafuna hadi shavu la pili, akainama na kulitemea kopo mate, taratibu na kwa heshima, kama wazee wanavyobariki huku kwetu. Namba kwenye kioo cha kifaa zikapanda. Pampu ikanyamaza.

"Mama, sasa inadhani mvua imenyesha."

"Hapana, imechoka tu," mama akasema, akaiongezea baraka.

Fundi akabadilisha mchanga, pampu ikawaka. Mama alifurahi sana kuiona imepona, akaibariki tena. Ikazima.

"Mama, tafadhali, nibariki mimi badala yake," fundi akaomba, akafumba macho.

Akabarikiwa usoni.

Nanyi msomao msikicheke kifaa hicho. Tumewabariki wakubwa wangapi siku ya kwanza ya kazi, wakazima papo hapo? Hiki angalau kilikuwa na sababu: kimelowa.