Madabodi Aliyoichagua Okinyi

Okinyi amenikataza kuandika haya. Nimeandika. Mimi kusoma niliishia darasa la pili na kalamu naishika kama mwiko, lakini macho yangu ni mazima, na nilichoona nilikiona. Wale wa hapa Kaloleni wanaosema kijana wa Aloo alitafuta rahisi akanunua takataka, wasome hapa, halafu waendelee kusema kama bado watakuwa na mdomo.

Nyumba ya kina Okinyi ilipakana na yangu. Baba yake alifanya kazi karakana ya reli pamoja na marehemu mume wangu. Okinyi akiwa mdogo alifungua redio yangu yote, akatandaza vipande sakafuni, akavirudisha, na ikaanza kushika stesheni ambayo haikuwa inashika. Nilimchapa kwanza, halafu nikakaa nikasikiliza habari.

Alipokuwa mtu mzima aliweka meza kwenye chumba cha mbele, akawa anaunda kompyuta za kuchezea gemu. Si hizi za ofisi. Ni zile mashine kubwa zenye ubavu wa kioo, vijana wanakaa mbele yake wanakimbiza magari na kupigana bunduki, wanalipia kwa saa. Ndani, chumba cha nyuma, alikuwa amelala mama yake, Aloo. Alikuwa na ugonjwa wa tumbo ambao hospitali walikuwa wameacha kuutibu, wakawa wanautuliza tu. Kila kilichopatikana pale mezani kilienda kwa dawa zake. Okinyi alikuwa na shati mbili za kutokea, akafika mahali akawa na moja.

Ndipo akaja Muturi wa Komarock. Huyo alikuwa amepata nafasi ya kufungua jumba la gemu, mashine zimejaa ukuta huu mpaka ule. Alimwambia Okinyi amuundie moja kwanza, iwe kali kuliko zote, vijana wa mashindano waione wameze mate. Ikimpendeza, zingine zote za lile jumba zitakuwa kazi ya Okinyi. Kijana alikuja kunipa habari hizo akiwa amesimama mlangoni kwangu, na nikaona meno yake ya nyuma. Nilikuwa nimesahau kama anayo.

Muturi alileta vitu vyote vya bei, ikabaki kununua madabodi, ule ubao wa ndani ambao kila kitu kinachomekwa juu yake. Alitaka ile yenye mataa ya rangi. Okinyi akakataa. Walibishana hapo nje mpaka nikatoa kiti nikae nisikie vizuri. Muturi alipoenda, nikamuuliza kijana kwa nini anakatalia mtu pesa yake mwenyewe.

"Shosh, madabodi ni ploti ya kupangisha," akaniambia; bibi wote hapa vijana huwaita shosh. "Hizo zingine ni wapangaji. Prosesa ni mpangaji tajiri, kadi ya picha ni mpangaji tajiri kumshinda. Ukiwaweka kwenye ploti ya waya nyembamba, siku wote wawashe pasi, ni giza."

Ile ya mataa, alisema, nusu ya bei yake ni rangi. Alikuwa ameona nyingine haina taa hata moja, sura yake kama sufuria iliyoungua, lakini njia zake za stima ni nene, ina vyuma vikubwa vya kupoza joto, na mbele itakubali prosesa mpya bila kung'olewa. Kilichobaki kwa bei, Muturi aongeze kwa memori. Mimi nimepanga nyumba maisha yangu yote. Nilielewa.

Muturi alikubali kwa shingo upande. Okinyi akaenda mjini akaichagua mwenyewe. Alikuwa na mtindo wake: hapo hapo kwa kaunta, kabla ya kulipa, anafungua boksi, anatoa kile kifuniko cha plastiki cha katikati, anamulika na kupiga picha kwa simu. Kwa sababu pale katikati kuna mraba, na ndani ya mraba kuna pini ndogo, nyingi, nyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Prosesa inakalia hapo. Pini ikilala, madabodi imekwisha. Alinionyesha hiyo picha, nikaiona, zimesimama zote sawasawa kama mahindi shambani. Na mwenye duka pia aliipiga yake, ili mtu asimrudie na maneno.

Siku ya kuunda, asubuhi, madabodi ilikuwa juu ya meza bila kifuniko, prosesa iko kando kwa kibweta chake. Maji yakafunguliwa. Anayeishi hapa anajua, mfereji ukitoa maji unaacha hata mtoto kwa beseni. Okinyi akabeba mitungi akakimbia foleni, na mimi nikampelekea Aloo uji wake kama kawaida.

Nikamkuta ameamka. Wiki hizo alikuwa hawezi kukaa bila kushikwa, lakini nilimkuta amesimama mezani, mkono mmoja kwa ukuta, mwingine umeshika ile chupa ndogo ya mafuta ya upako. Kanisani kwao kitu cha kazi hakianzi kazi bila mafuta. Pikipiki, cherehani, hata kisu cha bucha, vinapakwa vikiombewa. Mimi ni wa kanisa la zamani, sisi mambo hayo hatuna, na nimemwambia hivyo mara nyingi tukigombana kidini.

Alikuwa ameshamwaga. Na alikuwa anapangusa kilichozidi, kwa ncha ya leso yake nyekundu, taratibu, kama anayempangusa mtoto pua.

"Aloo, acha," nikamwambia.

"Nimemaliza, Mama Mulama," akasema. "Nimemwekea pale katikati kabisa. Niliona ni mahali pameachwa wazi."

Nilimrudisha kitandani, hakuwa na uzito wa kuku. Okinyi akaingia na mitungi yake. Akaona chupa, akaona meza. Akainama akaangalia ule mraba kwa muda mrefu, na mimi nikaangalia naye. Pini zilikuwa zimelala kama majani ambayo ng'ombe amelalia, na uzi wa leso umenasa ndani yake. Mama yake akamuuliza kutoka chumbani kama ameona.

"Nimeona, mama," akasema. "Asante."

Mchana kutwa alishinda na sindano na kioo cha kukuzia, anainua pini moja moja, ule uzi akiuacha usije ukang'oa zingine. Kuelekea jioni moja ikakatika, akaweka sindano chini. Akaunda mashine hivyo hivyo, akawasha. Kimya. Duka hawangeirudisha, wana picha yao. Kununua nyingine hakuwa na kitu, dawa ilikuwa imemeza yote.

Muturi alikuja na mtu wake, Kim, mdomo mkubwa.

"Fundi, hii kitu imekufa hata haijazaliwa," Muturi akasema.

"Aliichagua kama nyanya za jioni," Kim akasema, na majirani waliokuwa nje wakacheka.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nikafungua mdomo. Okinyi akaniangalia, na nikaufunga, kwa sababu dirisha la Aloo lilikuwa wazi, na ingawa dawa ilikuwa imemlaza, sauti yangu ingemwamsha. Okinyi akawaongoza mpaka barabarani, mbali na dirisha, nami nyuma yao, ndipo akamjibu mwenye mali.

"Nilichagua vibaya," akasema. "Ile yako ndiyo ilikuwa nzuri."

Basi. Maneno hayo ndiyo yalimmaliza. Muturi alichukua vitu vyake, akatafuta fundi mwingine, akanunua ile ya mataa, mashine ikawaka. Watu wakasema si mmeona? Lile jumba likafunguliwa Komarock, likajazwa kazi ya mkono mwingine. Waliokuwa wanamletea Okinyi mashine zao wakaacha kuja mmoja mmoja, kwa sababu fundi kama huyo hununui mikono yake peke yake, unamwamini achague. Meza ikaondoka chumba cha mbele. Akaenda Kiamaiko kubeba mbuzi waliochinjwa, begani, kutoka machinjioni mpaka kwa magari. Alikuwa anarudi na damu imekauka nyuma ya shingo, anaoga kabla ya kuingia kwa mama yake.

Aloo alimuuliza nikiwa hapo.

"Ile mashine iliwaka?"

"Iliwaka, mama."

"Ni yale mafuta," Aloo akasema, akanigeukia mimi. "Na wewe ulisema niache."

Nilimfunika blanketi nikatoka. Mimi, ambaye sijawahi kumwachia Aloo neno la mwisho tangu tujuane.

Alikufa mvua zikianza. Tulimpeleka kwao Ugenya, tukazika, tukarudi. Ndipo nikavaa viatu vya kanisani nikaenda Komarock. Nilimweleza Muturi yote, nimesimama, sikutaka kiti chake. Alinisikiliza vizuri, alilelewa kwa adabu.

"Shosho, wewe ni jirani yake," akasema. "Ungesema nini kingine?"

Nikamwambia iko picha, pini zimesimama, inaonyesha na siku. Akasema basi nilete picha. Nikatoka hapo mpaka Kiamaiko, nikamkuta Okinyi ameketi kwa ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia atoe simu.

"Nilifuta, shosh, na duka hawaweki zao siku nyingi," akasema. "Mama amelala akijua alinisaidia. Mwache hivyo. Na usiende kuandika andika."

Akasimama, mbuzi mwingine akawekwa begani kwake, akaenda na mabega yake ambayo hayakuumbwa kwa mizigo.

Lakini alipokuwa anahama ile nyumba alitupa boksi kwenye taka, na mimi nililiokota. Madabodi iko juu ya kabati langu. Pale katikati bado pananuka mafuta, moja ya pini imekatika, zingine bado zimelala, na uzi mwekundu uko hapo hapo ulipokatikia. Leso yenyewe ninayo pia, tuligawana nguo za marehemu. Anayebisha aje Kaloleni, aulize kwa Mama Mulama. Nitampa kiti, nitaviweka vyote viwili mbele yake aangalie.