Tairi Lisilo na Tumbo

Ipo siku moja, mwanangu Idrisa, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka. Niliikumbuka tena jana uliponionyesha kwenye simu picha ya zile tairi unazotaka kulivalisha lile gari lako la Noah. Nilikurudishia simu, ukadhani baba hajaelewa. Nilielewa. Ni zile tairi za ubavu mfupi, rimu kubwa inang'aa kama sinia la harusi, mpira wenyewe umebaki mwembamba kama mkanda wa suruali. Ni nzuri, sikatai, na sisi wazee tuna macho pia. Lakini gari lako linapokea abiria wa boti pale Nyamisati na kuwaleta Kibiti, kwa njia ya mashimo unayoijua mwenyewe, na nina jambo la kukuambia kabla hujalipeleka kwa fundi. Kaa, kahawa bado ya moto.

Wakati huo daraja kubwa la Rufiji lilikuwa jipya, nami nilikuwa kijana, bado sijaoa. Tulikuwa Mohoro. Mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa, na sisi tumehamia bondeni kama kila mwaka, tunakaa kwenye dungu. Wewe umekulia mjini, dungu umelisikia tu. Ni kibanda juu ya nguzo ndefu, unapanda kwa ngazi ya miti, na huko juu ndiko mnakolala, mnakopika na mnakofukuzia ndege na nguruwe hadi siku ya kuvuna. Bibi yako, yaani mama yangu, alikuwa akiipanda ngazi ile na ndoo ya maji kichwani bila kushika kitu.

Kaka yangu mkubwa, baba yako mkubwa Shabani, alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Msimu ule alikuja na gari. Lilikuwa gari dogo jeupe, limekaa chini chini, na tairi zake ni zile zile za kwenye picha yako. Watu waliacha mpunga wakaja kulitazama. Shabani alipita akiligusagusa kwa kitambaa, akituambia kwamba kwenye lami linashika kona kama limegundishwa, na kwamba ukikaa ndani hutikisiki hata kidogo. Tulimwamini. Mimi nilimwomba nikae tu ndani, mlango ukiwa wazi, na niliona nimefika peponi.

Asubuhi ya pili yake kipandio cha ngazi kikakatika, mama akaanguka.

Alivunjika paja. Sitakueleza lilivyokuwa. Mjomba Athumani, kaka yake mama, ambaye dungu lake lilikuwa jirani, alikuja mbio akapasua mwanzi, akaufunga mguu ule kwa vibanzi na kanga. Akasema mfupa umevunjika vibaya, na ukizidi kuchezeshwa unaweza kukata mshipa kwa ndani, na mama akatutoka njiani kabla ya kuona hospitali. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto. Shabani akasema gari lipo, tunasubiri nini. Tukamlaza mama kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani kwangu, tukaondoka.

Kutoka pale hadi barabara kuu si mbali, lakini ilikuwa njia ya udongo iliyotoka kwenye mvua. Shimo la kwanza lilikuwa dogo. Ungekuwa mbele usingelijali. Kule nyuma lilipanda kutoka kwenye tairi, likapita kwenye kiti, likaingia kwenye lile paja bila kupungua chochote. Nililisikia likipita kwenye mwili wa mama yangu. Hakulia. Alinishika mkono, na kwa jinsi alivyoukaza nikaanza kuyahesabu mashimo ya njia niliyoipita tangu utotoni bila kuijua. Shabani alipunguza mwendo mpaka kuku wakatupita, lakini haikusaidia, maana kila jiwe na kila ufa ulifika kwa mama mzima mzima. Kisha tukaingia shimo lililojaa maji, tusilolijua kina, tukasikia mlio kama wa sufuria kugongwa. Rimu imepinda, tairi limepasuka ubavu.

Mama akafumbua macho akasema polepole, "Shabani baba, nishushe. Nitafia hapa kwenye kivuli, lakini siyo humu."

Mjomba Athumani alikuwa akitufuata kwa miguu na wanaume wa madungu ya jirani, na hawakuwa nyuma sana, ujue mwendo wetu ulivyokuwa. Alichutama akalitazama tairi, akaubonyeza ubavu wake kwa kidole gumba. Kaka yangu alisimama pembeni, jasho linamtoka, anasubiri kutukanwa. Mjomba hakutukana.

"Hili tairi halina tumbo," alisema. "Pigo likija litakaa wapi? Linapita tu kwa mgonjwa."

Akatuma watu wakalete kitanda cha kamba na boriti mbili za mkoko. Tulimhamisha mama, tukapitisha boriti chini ya kitanda, tukazifunga, tukakiinua mabegani. Na hapa, mwanangu, ndipo sisi vijana tulipofanya upuuzi wetu. Kitanda mabegani sisi tulikijua kwa jambo moja tu, kwenda makaburini. Na unajua tunavyolibeba jeneza: tunaharakisha, tunapokezana mbio mbio, kila mtu anataka bega lake lipate thawabu. Miguu yetu ikajiendea yenyewe. Tukaanza kukimbia, tunasukumana kuingia, kitanda kinaruka, na mama anang'ang'ania kamba kwa vidole.

"Simameni," Mjomba akasema, na tukasimama. "Huyu hajafa. Mbona mnamkimbiza?"

Wallahi niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha akatufundisha pale pale njiani. Vueni ndara. Legezeni magoti. Kila mtu aende na hatua yake, asifuatishe ya mwenzake, kwa sababu mkikanyaga pamoja kitanda kinapanda pamoja na kushuka pamoja. Wa kupokea asivamie, aje ubavuni, atembee kwanza na mwenzake, aingize bega, ndipo mwenzake atoke. Na mtu wa mbele awaambie wa nyuma ardhi ilivyo, kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mtoto.

Tukaanza upya. Mwanzoni ilikuwa vurugu, kila mtu anapepesuka kivyake. Halafu, sijui ilitokea wapi, kitanda kikatulia. Chini yake miguu yetu ilikuwa inazama kwenye tope, inapanda mawe, inateleza, huyu yuko shimoni na yule yuko juu ya kichuguu, na hapo juu kitanda kinaenda tu. Mashimo yale yale. Hakuna aliyeyafukia. Yalikuwa yanaishia kwenye magoti yetu na mabega yetu, na kwa mama hayafiki. Nilikuwa nimebeba pembe ya nyuma, uso wangu karibu na mkono wake, na niliona vidole vilivyokuwa vimeng'ang'ania kamba vikilegea kimoja kimoja. Baadaye nikasikia sauti. Mama alikuwa anakoroma.

Idrisa, nimeona mambo. Nimeona mto ukifunika bonde zima kwa usiku mmoja. Sijawahi kuona jambo likanitetemesha vile. Mtu mwenye paja lililovunjika amelala usingizi juu ya njia iliyokuwa inamuua muda mfupi uliopita, na hakuna mtambo wala dawa, ni nyama ya watu tu iliyokubali kubonyea. Mmoja wetu alianza kutaja jina la Mungu chini chini, na wengine tukamfuata, si kwa huzuni. Tulikuwa tunaogopa kuliharibu jambo lile.

Nyuma yetu gari lilikuwa linafuata. Shabani alifunga tairi la akiba, akawa anatufuata polepole, peke yake ndani, viti vitupu. Nilipogeuka nikamwona kupitia kioo, analia bila kujifuta. Mwisho akalizima, akaliacha njiani milango wazi, akavua viatu vyake vya Dar es Salaam, akaja. Alikuja ubavuni kwa Mjomba Athumani, akatembea naye kidogo kama tulivyofundishwa, akaingiza bega. Mjomba akatoka, akamfuta tope usoni kwa kiganja.

Karibu na barabara kuu mama akaamka. Akatazama juu, akamwona mwanawe amebeba.

"Shabani," akasema, "kumbe gari lako lisilotikisika ndilo hili?"

Tulicheka wote, na kitanda hakikuyumba. Barabarani tulipata lori la magunia ya pumba za mpunga, tairi zake nene, na dereva mwenyewe akazitoa upepo kidogo ili zibonyee, bila kuambiwa. Tukamlaza juu ya pumba, Shabani akakaa naye. Madaktari waliuunga ule mfupa. Mama hakupanda tena dungu, lakini alilima miaka mingi kwa miguu yake miwili, na wewe alikubeba mgongoni.

Mtungi unaochotea maji hapo barazani, umewahi kutazama umekaa juu ya nini? Ile ndiyo rimu iliyopinda. Mama aliiomba mwenyewe. Alisema ni nzuri mno kutupwa.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikukatazi tairi. Ungekuwa unakimbiza gari lako kwenye lami ya Dar es Salaam, ningekuambia fanya unavyopenda. Lakini wewe unabeba watu wanaoshuka boti Nyamisati, na miongoni mwao wamo wajawazito kutoka visiwani, wamo wagonjwa ambao hawatakuambia kitu kwa sababu wewe ndiye mwenye gari na wao wanataka kufika. Kabla hujaenda kwa fundi, kamwombe mwenye gari la tairi kama zile, mwenzako aendeshe, wewe lala kiti cha nyuma, ubavu chini, kutoka Bungu, unapoiacha lami, hadi Nyamisati. Usikae. Lala. Ukifika, uamue mwenyewe, sitakuuliza. Na tairi lolote utakalofunga, endesha kana kwamba mtu aliye nyuma yako ni yule bibi aliyekubeba.

Mungu akubariki mwanangu, akupe macho ya kuona shimo kabla hujaliingia na moyo wa kulipokea wewe ili abiria wako asilipate. Akujalie kila unayempakia umshushe salama. Na siku na mimi nitakapolala kwenye kiti chako cha nyuma, mzee sina nguvu, unanipeleka ninakopelekwa, Inshallah unisikie nakoroma.