Jina Nililopewa Golini

Sisi tuliokulia mtaa wa Kamenge tuna wajibu wa kusahihisha jambo moja. Siku hizi wazazi huambiwa kwamba mtoto mwenye akili nyingi hawezi kuwa na marafiki, eti ndivyo alivyoumbwa. Huo ni uzushi, nami naupinga.

Nilirushwa darasa, nikajikuta mdogo kuliko wote katika darasa la sita, na bado nikawa wa kwanza, katika hesabu na katika dikte, yaani imla. Kila mwisho wa muhula matokeo yalisomwa uani mbele ya wazazi, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mama alipiga vigelegele. Wenzangu walitazama viatu vyao, wale waliokuwa navyo. Jioni nikienda uwanjani, Yusufu, mtoto wa fundi wa magari na nahodha asiyechaguliwa na mtu, alinizuia: "We rudi kwenye vitabu. Mupira haina dikte."

Niliutamani mpira ule wa majani ya migomba kuliko ndagala za kukaanga za mama, dagaa wa ziwani, na hizo zilinukia hadi barabarani. Siku moja golikipa wao akashikwa na malaria. Yusufu alinitazama kwa huzuni ya kweli. "Haya, profesa, simama pale. Usifikiri."

Nilifikiri. Nilikadiria pembe, nikaruka upande niliouamini, mpira ukapita upande wa pili. Ukapita tena. Uwanja mzima ulilala chini kwa kicheko, Yusufu akaniita Chujio. Nilipotaka kuondoka alinishika shati: "Unaenda wapi, Chujio? Kesho nani atatuchekesha?"

Nilirudi kesho yake, na kila jioni. Walinifundisha kuanguka bila kuumia. Mimi niliwaeleza hesabu za sehemu kwa kugawa muhogo wa kuchoma, na hakuna aliyekubali kupewa robo. Muhula ulipokwisha, jina langu likasomwa la kwanza, na sauti zikavuma kutoka nyuma: "Chujio, Chujio." Mkurugenzi wa shule alikunja uso. Mama aliuliza ni nani aliyenitukana. Nilicheka hata nikasahau kupokea karatasi yangu.

Mjukuu wangu anaishi Gasenyi, mtaa wa wenye pesa, naye ni wa kwanza shuleni kwake. Ana kompyuta, ana mwalimu wa nyumbani, ana mpira wa ngozi ambao haujaonja vumbi. Juzi nilimwuliza wenzake wanamwitaje.

"Kwa jina langu, babu."