Majibu ya Fundi Saa

Siku fundi saa anatoka wodi ya moyo, sisi wauguzi tulimwelekeza ajibu ujumbe wetu wa simu kwa namba: moja kama amemeza dawa, mbili kama hajameza. Akaniangalia juu ya miwani. "Mwanangu, mtu anakuuliza hali, wewe unamjibu namba?" Basi kila asubuhi saa moja, kompyuta ya hospitali ikishamtumia swali lake, kwangu iliingia barua nzima: alivyolala, dawa zote nne kwa majina, mizunguko aliyotembea uani, na mwisho, "Nawe usisahau kula." Aliandika kwa kidole kimoja, kilichozoea skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, na hakukosea hata nukta. Alipokuja kliniki nilimweleza kwamba anayeuliza ni mashine. "Najua," akasema, akifunga kifungo cha shati polepole. "Lakini kuna anayesoma." Jana miezi yake sita ya kufuatiliwa ilikwisha, mashine ikamuaga kama inavyowaaga wote. Leo saa moja na dakika tano ukaingia ujumbe wake: "Mwanangu, mbona kimya? Uko salama?" Nikavuta kiti, nikamjibu kwa vidole vyangu mwenyewe, kuanzia shikamoo.