Mstari wa Kijani Kwenye Shuka

Wengi wenu hapa Kasulu habari hii mmeisikia, maana ilifika mjini kabla mimi sijashuka kwenye gari, na kila mtu anaisimulia anavyotaka, kuna anayesema nilikuwa nachati, kuna anayesema nilipewa kitu ninywe, basi leo naisema mwenyewe, na aibu yangu naikubali yote, pamoja na ile ambayo hamuijui (hiyo ndiyo kubwa, nitaitaja tukifika mahali pake, msinikimbize).

Kazi yangu mnaijua. Nakaa stationery ya shemeji yangu Deo, karibu na stendi, nachapa barua, natoa kopi, naingizia watu tamthilia kwenye flash, na Deo akitoka kupiga video za harusi na misiba mimi ndiye ninayezikata na kuzipanga. Form four nilimaliza, kompyuta nimejifunzia pale pale dukani na mtoto mgongoni. Na kitu ninachokifanya kuliko vyote ni kufomati flash. Flash za mji huu zote zinaumwa, moja inaambukiza nyingine, mteja anachomeka, kompyuta inagoma inasema hii mpaka ifomatiwe, namuuliza kuna kitu cha maana humu, anasema hamna, nabonyeza. Na kile kialama cha kufuta haraka haraka nakitoa, kwa sababu Deo alinifundisha kwamba ukifuta haraka virusi vinabaki, kwa hiyo sisi tunafuta taratibu mpaka mwisho. Nafanya hivyo mara nyingi kwa siku mpaka mkono hauniulizi tena.

Sasa huko Kibondo, Kumsenga, kulikuwa na dereva wa fuso anaitwa Gervas. Alikuwa anapita Manyovu anaingia Burundi na mizigo, anapotea wiki tatu, mwezi, anarudi na vitenge vya mama yake. Akaugua homa, siku nne tu, akafariki. Wakati huo mama yake, bibi Yustina, yuko hospitali amevunjika nyonga, na mnajua tulivyo, mgonjwa haambiwi msiba. Kaka mtu, Method, akaamua wazike bila mama. Akatangaza pale msibani kwamba hakuna kupiga picha kwa simu, kwa sababu mtu akiweka stetasi tu, anayeuguza kitanda cha jirani ataiona na bibi atajua. Kamera ikawa moja, ya Deo, ili siku bibi akipata nguvu aonyeshwe kila kitu, mwanawe akiagwa jeneza likiwa wazi mpaka anaposhushwa.

Bibi akatoka hospitali baada ya wiki tano, wakamkalisha, wakamwambia. Akakataa. Akasema Gervas yuko Burundi. Wakampeleka nyuma ya nyumba kwenye kaburi, akasema udongo hata yeye anaweza kuurundika.

"Wiki tano mmeniletea uji mnacheka nami," akawaambia, "nikiuliza Gervas mnasema yuko safari. Leo ndiyo mnasema ukweli?"

Hakulia, hakufunga kitambaa cha msiba, akawa anamwekea mwanawe chakula. Ndipo Method akanipigia simu. "Dada, imebaki ile video tu. Akimwona uso ataamini, alie, amalize." Mnaona uzito niliokabidhiwa. Mama anatakiwa aone maiti ya mwanawe ili aanze kulia, na hiyo maiti iko kwangu, kwenye diski ya nje, ile ya kuchomeka na waya, pale tu, hakuna pengine. Kadi ya kamera Deo alishaisafisha akapigia harusi.

Deo aliniambia, na hapa ndipo mambo yalipoanzia, aliniambia, "Shemeji, ihamishie ndani ya laptop kabisa, usichezeshe kutoka kwenye diski." Nikasema sawa. Nikafungua laptop nikaona imejaa. Imejaa tamthilia ya Kituruki, ile ndefu, ambayo wateja walikuwa wanaipangia foleni. Ningefuta vipande vichache tu vya hiyo tamthilia nafasi ingepatikana. Sikufuta, nikajiambia diski ni diski, itacheza. Nilichagua Waturuki nikamwacha Gervas, kama mnataka kuisema hivyo, na watu wameshaisema.

Siku ya siku nikamfunga mwanangu Kelvin mgongoni, nikaenda. Ibada ilikuwa saa tisa mchana kwenye kigango chao, madirisha wameyaziba kwa mablanketi, mbele wametundika shuka jeupe. Umeme ni wa jenereta, ekstensheni ina matundu mawili, moja la projekta moja la spika, laptop yangu ikakaa kwa betri, na betri ilikuwa imejaa kwa hiyo sikuona shida. Bibi Yustina wakamweka mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki, magongo yake mapajani. Akaniangalia nikichomeka waya, akaniuliza kwa upole tu, kwa Kiha chake cha kuchanganya, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "humo ndimo yumo?" Nikamwambia ndiyo bibi, yumo.

Katekista akaanza kuhubiri. Nilidhani maneno mawili matatu. Akaenda mpaka kwa Ayubu, akarudi, akaenda tena. Kelvin akaanza kulia njaa, nikageukia ukutani nikampa ziwa, na kwa muda huo wote laptop haijaguswa. Ikalala. Kumbe laptop iliyo kwenye betri ukiiacha inajilalia yenyewe, na ikilala diski nayo inakatiwa umeme ghafla, hata kama ilikuwa katikati ya shughuli zake (haya niliambiwa baadaye, siku ile nilichojua ni kwamba kioo kimekuwa cheusi).

"Dada, tuko tayari," Method akasema.

Nikabonyeza, ikaamka. Kilichotokea kwenye shuka, mbele ya kanisa zima lililotoka kuomba, ni mimi. Picha yangu ya gauni jekundu niliyopiga kwa Deo, ile niliyoiweka kwenye uso wa laptop, mkono kiunoni, midomo nimeibana, urefu wa mtu na nusu. Mama mmoja nyuma akasema, "Marehemu alikuwa na mke?" Wengine wakacheka, shangazi wa marehemu akawaambia nyamazeni nyie. Nikabonyeza video, ikasema haipo. Natazama diski, taa imezima. Nikachomoa waya, nikachomeka, sikungoja hata sekunde, ziwa moja liko nje, Kelvin analivuta, watu wanakohoa kile kikohozi cha kuchoka kusubiri. Yakatokea maandishi ya Kiingereza kwamba diski hii lazima ifomatiwe kwanza ndipo itumike.

Naapa sikuyasoma. Niliyaona tu kama ninavyoyaona kila siku. Mkono ukabonyeza kukubali, ukatoa kile kialama, ukabonyeza kuanza, likaja onyo, ukabonyeza sawa. Yote hayo yakiwa kwenye shuka, makubwa, kila mtu anaona.

Mstari wa kijani ukaanza kutembea.

Hapa sasa ndipo ile aibu nyingine. Nyote mnadhani nilikuwa sijui ninachofanya. Mstari ulipoanza tu kutembea nilijua. Nilijua ule mstari unakula nini, na nilijua kwamba nikichomoa waya sasa hivi huenda kitu kikabaki, lakini nikichomoa itabidi niseme kwa nini nimechomoa, niseme pale, mbele ya yule bibi na magongo yake. Nikanyamaza, nikawa naangalia mstari kama watu wengine, na wenyewe walikuwa wametulia kabisa, wamefurahi hata, wanadhani picha inakuja.

Nikamsikia bibi anamuuliza Method, "Ndiye anakuja?"

"Ego, mama, ndiyo. Anakuja."

Akajiweka vizuri kwenye kiti. Akaivuta kanga yake mabegani, kama mtu anayengoja mgeni.

Nyuma kabisa alikuwepo mwalimu mmoja wa sekondari, mgeni kutoka Njombe, mpangaji wa Method, alikuja kwa heshima tu. Akanyoosha shingo. "Dada," akasema, "hiyo si inafuta?"

Mimi nikamjibu, kwa sauti ya kutulia kabisa, "Inapakia, mwalimu."

Inapakia. Hilo neno nimelisema mimi, kwa mdomo wangu huu.

Mwalimu akatazama tena, akainuka, akapita katikati ya watu anasema samahani, samahani, akafika mezani akachomoa waya mwenyewe. "Dada, umefuta," akasema, na hakuwa na ukali, hilo ndilo lililoniumiza. "Kwa nini hukusimamisha?"

Method akauliza umefuta nini. Mwalimu akamweleza taratibu, watu wote wanasikiliza. Shangazi akashika kichwa. Yule mama wa nyuma akasema, "Si angetuonyesha tu hayo magauni yake tukaenda zetu nyumbani." Kelvin akaachia ziwa akacheka, maana aliona watu wengi wanamtazama.

Bibi Yustina akasimama. Hakuna aliyemsaidia, tulikuwa tumeganda. Akashika magongo yake, akatutazama mmoja mmoja, Method, katekista, mimi. "Mwanzo mlinificha," akasema. "Leo mmefuta mimi nikiwa naangalia. Sasa niambieni, Gervas wangu mmemfanya nini?"

Method akapiga magoti pale chini, mtu mzima, mbele ya watoto wake. "Mama, Gervas tumemzika."

"Oya," bibi akasema, ndiyo hapana yetu ya Kiha, na akatoka, magongo yanagonga sakafu mpaka nje.

Diski niliipeleka kwa fundi Kigoma mjini. Akakaa nayo siku mbili. Akapata harusi za zamani, akapata kipande cha wapishi wanakoroga ugali wa msibani, wanataniana, basi. Akaniambia ungekatisha pale pale mwanzoni ningekutolea sehemu kubwa tu, lakini hii umeiacha ikatembea. Nikamwambia najua. Akaniuliza sasa kwa nini uliiacha, nikamlipa nikaondoka.

Na sitaki mtu aniambie pole. Watu wakinipa pole nakasirika. Deo anasema ni bahati mbaya, laptop ilijilalia, nani angejua. Sawa, laptop ilijilalia, hilo ni la laptop. Katekista alihubiri kama analipwa kwa neno, hilo ni lake. Na waliomficha mama kifo cha mwanawe wiki tano, halafu wanashangaa haamini mtu, nao wana lao. Lakini zile dakika ambazo mstari ulitembea na mimi nimefunga mdomo hazina mwenyewe mwingine.

Mwezi uliopita nikaenda Kumsenga peke yangu. Nilitaka kumwambia bibi kwa mdomo wangu. Nikamkuta uani anakunja suruali za kiume, zimefuliwa, zimenyooka. Akanikaribisha, akanipa kigoda, hakuonyesha kinyongo hata kidogo. Nikamweleza yote, kwamba niliona inafutika, nikanyamaza, nikamdanganya mwalimu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Nani alikutuma unyamaze?"

"Hakuna aliyenituma, bibi. Niliona aibu."

"Ego," akasema, anaitikia kichwa kama mtu aliyesikia alichokuwa anakijua tayari. "Na wao waliniambia hakuna aliyewatuma." Akachukua suruali nyingine. "Wewe uko Kasulu, magari ya Manyovu yanapita hapo. Ukimwona, mwambie nguo zake nimeshafua."

Ningeweza kusema nitamwambia. Ingekuwa rahisi, na bibi angefurahi. Lakini nilishanyamaza mara moja, nikajiambia hapana, safari hii sinyamazi.

"Bibi," nikamwambia, "Gervas amefariki. Mimi nimemwona. Siku tatu nzima nilikuwa naikata ile video, nimeuona uso wake kuliko hata waliomzika, alivaa shati la bluu, walimwekea rozari mkononi. Nimemwona kwenye video, bibi, nakuapia."

Akaacha kukunja. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Video ipi, mwana wanje?"

Nilikaa pale mpaka jua likanifikia miguuni, nikaaga, nikapanda bodaboda.

Kwa hiyo mkija dukani msishangae. Laptop nimeiamuru isilale kabisa, iwe na umeme au isiwe nao, na tamthilia ya Kituruki nimeifuta yote, wanaoitaka watafute duka jingine. Na nikikuharibia kitu nakwambia hapo hapo, kabla mkono haujatoka kwenye kitufe, kwa sauti, foleni nzima isikie. Juzi nimemwambia mteja barua yako ya kazi nimeifuta sasa hivi kwa bahati mbaya, tuanze upya. Akanitukana na mama yangu akamuunganisha. Nikamwacha amalize, kisha nikamuuliza jina lake la kwanza linaandikwaje.