Meli Mbili kwenye Barza Yetu

Wanaonijua hapa Kasongo watakuambia kwamba samaki mdogo kama kiganja akipita mdomoni mwangu hutoka akiwa mamba. Sikatai, nimezaliwa hivyo. Lakini haya nimeyaona kwa macho yangu mawili, na shahidi wa tatu ni kidole gumba cha mke wangu, ambacho ukifika kwetu utaonyeshwa bila kuomba. Basi cheka mwanzoni ukipenda. Mimi pia nilicheka.

Kwanza unijue. Nina mashine ya fotokopi karibu na soko, na nina diploma. Niliipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na miaka arobaini na moja, nimebanwa dawati moja na vijana ambao baba zao nilicheza nao mpira. Kabla ya hapo kila karatasi ya maisha yangu, hata ya ndoa, niliitia kidole. Siku nilipopata diploma niliapa kwamba kidole changu hakitagusa wino tena hata kwa amri ya gavana. Aliyenifikisha pale ni Mwalimu Kalonda, aliyenianzishia herufi, kisha Kiingereza na jiografia, mzee wa miwani iliyofungwa kwa waya wa redio. Alikufa wiki mbili kabla ya matokeo. Hakuiona diploma yangu. Jambo hilo hunichoma mpaka leo, na ulishike, litarudi.

Mke wangu, Mama Riziki, hakusoma. Naye alikuwa na chake cha kumchoma: mdogo wake Amisi, mchimba dhahabu kule Lusangi. Maji yaliingia shimoni, wenzake wakatoka, yeye hakutoka. Tulikaa matanga bila maiti. Unajua matanga bila maiti yalivyo? Watu wanakula, wanaondoka, na mwenye msiba anabaki akitazama njia.

Sasa, watu husema mambo haya huja usiku wa manane. Hili lilikuja saa tisa mchana, jua linakaanga mabati, mimi nimevua shati kwenye barza mbele ya nyumba. Mgeni akabisha hodi. Shati jeupe limepigwa pasi, tai, mkoba chini ya kwapa. Nikamuuliza anatoka wapi.

"Kabambare, papa. Kwa pikipiki."

Nikamtazama upya. Ndugu yangu, hakuna mutu anayetoka Kabambare kwa pikipiki wakati wa kiangazi akafika na rangi yake. Kwa vumbi la njia ile mweusi hufika mwekundu, mzungu hufika mwekundu, mbuzi hufika mwekundu kama tofali. Huyu alikuwa msafi kama aliyetolewa kwenye maji sasa hivi. Nikaona, na bado nikamvutia kiti. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Mama Riziki akamletea maji ya kunywa. Akayarudisha kwa heshima. "Asante, mama. Maji nimekunywa ya kutosha."

Kisha akafungua mkoba. Ni wakala wa mapumziko, alisema. Bwana na bibi wamechaguliwa kwenda likizo ndani ya meli, chakula na chumba bure. Nikamuuliza ni nani aliyetuchagua. Akasema, "Wanaowajua." Kazi yetu sisi ilikuwa kuchagua meli tu, kwa sababu zilikuwa mbili: moja ya mtindo wa Waingereza, moja ya mtindo wa Waamerika. Akaziweka foto zake mezani, kubwa kama trei.

Niamini, yule mutu alijua kuuza. Kwenye ya Waingereza, alisema, kila chumba kina birika lake, kwa sababu Mwingereza hawezi kuamka bila chai. Saa kumi chai tena, na mkate mwembamba. Jioni nyingine unavaa koti na tai, la sivyo mezani hukai. Watu wazima, sauti ndogo, michezo ya kuulizana maswali ya akili, maktaba. Ya Waamerika ni mji unaoelea: chakula hakifungwi asubuhi mpaka asubuhi, barafu mpaka ndani ya soda ya watoto, muziki, mabomba makubwa ya kuteremkia bwawani, unavaa unavyotaka. "Ila kule wahudumu wanangoja bahasha ya bakshishi," akasema. "Kwa Waingereza hakuna anayekutazama mkono."

"Zinapandiwa wapi?" nikauliza.

"Nyangwe."

Hapo diploma yangu ikaamka. Nikamwambia mto Lualaba una mawe makubwa juu na chini, Nyangwe hufika mitumbwi tu, meli ndefu kama kutoka sokoni mpaka misheni itapitaje juu ya mawe?

Akatabasamu. "Hazipiti juu, papa."

Ungesimama wakati huo ukaingia ndani na kufunga mlango, siyo? Mimi pia ningesimama. Lakini nilikuwa nimeshainamia foto ya Waingereza. Meza ya kitambaa cheupe, dirisha la duara, na aliyeshika kikombe, akimtazama mpiga picha kama anayemsubiri mwanafunzi aliyechelewa, alikuwa Mwalimu Kalonda. Waya ule ule wa redio kwenye miwani. Chaki kwenye vidole.

Sikusema. Kwa nini? Niliogopa nikimtaja Mwalimu ataondoka kwenye foto.

"Mimi nachagua ya Waingereza," nikasema.

"Mimi ya Waamerika," akasema mke wangu, sauti moja na yangu.

Ugomvi ukaanza pale. Nikamwambia tumbo lake ndilo linachagua. Akasema, "Afadhali tumbo, Baba Riziki. Weye unachagua kwa diploma. Utakaa na tai yako kwenye joto, unauliza Waingereza maswali, wanakukimbia." Nikamwambia hawezi kuteremka kwenye bomba na kiuno kile, ataliziba au atalipasua. Akasema kiuno hiki nilikitolea mahari ya mbuzi sita na bado nina deni la wawili. Mgeni alikaa, mikono magotini, kama fundi anayengoja mbao zikauke.

Tulibishana mpaka kivuli cha paa kikavuka barza. Na wala hatukubishana kama watu wanaotaka likizo. Mke wangu hakuwahi kutaka meli maisha yake yote, hata mtumbwi wa kuvuka anaupanda akisali. Sasa alikuwa ameishika ile foto kwa mikono miwili na haniachii niione.

"Kila mmoja anaweza kwenda na yake," mgeni akasema kwa upole. "Ni kutia kidole tu."

Akatoa kisanduku cha wino. Nikacheka kwa hasira. Mimi, mwenye diploma, nitie kidole? Nikachomoa biki yangu. Nikaandika sahihi yangu, ile yenye mkia mrefu, kwenye ukingo wa foto. Biki ikateleza. Nikaandika tena, nikakandamiza. Karatasi ilikuwa nyevu kama ngozi ya kambare na haikushika kitu.

"Kidole, papa."

"Sitii. Leta karatasi ya watu waliosoma."

Kwa mara ya kwanza lile tabasamu likatoka usoni mwake. Naye Mama Riziki, "Basi nianze miye, weye bakia na biki yako." Gumba lake likazama kwenye wino. Nikaona kwamba wino ule haukuwa na rangi. Yalikuwa maji.

Nikamkamata mkono. "Kuna nini ndani ya meli hiyo hata huwezi kungoja?"

Akanitazama, macho yamejaa. "Amisi iko ndani," akasema. "Anacheka. Niache."

Nikaiinua foto yangu. "Na Mwalimu Kalonda iko ndani ya hii."

Tukabadilishana foto. Kwenye bwawa la Waamerika niliona watu nisiowajua. Kwenye meza ya Waingereza yeye hakuona mzee yeyote wa miwani, kitambaa cheupe tu. Kila mmoja alikuwa amewekewa wa kwake.

"Na kurudi?" nikamuuliza mgeni. "Umetueleza chai na barafu. Kurudi ni siku gani?"

"Hakuna aliyewahi kuomba kurudi, papa."

Mke wangu alivuta mkono kwa nguvu za wanaume kumi na saba. Sawa, watatu. Lakini watatu kweli, alama za kucha ninazo. Nilimkumbatia na kiuno chake chote, tukaanguka chini, na kidole hakikufika kwenye karatasi. Tulipoinuka mgeni alikuwa amefunga mkoba, anarekebisha tai.

"Nafasi hazijai," akasema. "Na wewe, papa, usijali. Kiangazi kingine nitaleta karatasi inayokubali biki."

Akashika njia ya Nyangwe. Vumbi pale linafika kwenye kifundo cha mguu. Kuku akipita unamtambua kwa unyayo. Yeye hakuacha hata alama. Kiti alichokalia kilikuwa kimelowa mpaka kwenye misumari, na maji yake yalinuka udongo wa shimo.

Toka siku hiyo gumba la Mama Riziki limekunjamana, kama la mutu aliyefua nguo mchana kutwa. Tumelianika, tumelipaka mawese, zahanati walitupa pomadi. Halikauki. Alipokwenda kuandikishwa kadi ya uchaguzi mashine ililitazama mara tano, haikuona alama ya mutu, wakachukua kidole kingine.

Mimi nikajiona mjanja. Nikasema, dawa ni asome. Asiyetia kidole hakamatwi kwa kidole. Nikamnunulia daftari, kila jioni nikamfundisha jina lake, herufi moja moja, kama Mwalimu Kalonda alivyonifundisha. Anajifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi, na hilo silitii chumvi.

Wiki iliyopita nilifungua daftari lake. Kurasa kumi na nne, sahihi moja tu, imerudiwa na kurudiwa mpaka imekuwa na mkia mzuri kuliko wangu. Nikamuuliza, "Mama Riziki, sahihi hii yote ni ya karatasi gani?"

Akacheka, akafunga daftari.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma. Mutu akikuletea vitu viwili vizuri na kukuuliza unataka kipi, usibishane kipi. Muulize habari ya kurudi, na utazame viatu vyake kama vina vumbi. Mimi siku hizi mashine ya fotokopi naifunga saa nane na nusu, nikakae barza. Mvua zimekatika, kiangazi kimeingia. Saa tisa ikikaribia, mke wangu hutoka ndani, anapangusa viti, na huwa anapangusa vitatu.