Hatamu ya Francie

Kwenye mazizi ya Malachy Breen, pembeni mwa uwanda wa Curragh, farasi wa mbio hafi wala hachinjwi. Anakwenda nyumba nzuri. Ndivyo isemwavyo, na Dympna Scully ameisema kauli hiyo tangu akiwa kigoli aliyevaa suruali za kurithi kwa kaka yake. Mguu ukivimba na mbio zikiisha, lori linaingia uani asubuhi, mlango wake wa nyuma unateremshwa, farasi anapanda, basi. Ukiuliza kaenda wapi, nyumba nzuri. Iko wapi hiyo nyumba? Tipperary. Siku zote ni Tipperary, maana ni mbali kiasi kwamba hakuna atakayekwenda kuhakikisha, na ni karibu kiasi cha kuaminika.

Dympna ni saisi, mtunza farasi, kama baba yake na babu yake. Farasi ndio waliomlea, na farasi ndio waliompinda vidole vya mkono wa kushoto. Hakuolewa. Alikuwapo mwanamume mmoja wa mji wa Naas, mtu wa heshima zake, aliyemwambia achague kati yake na farasi. Maskini wa Mungu hakujua anauliza nini. Jumapili Dympna huenda misa akinuka zizi, na hakuna anayesogea pembeni, kwa kuwa kanisa zima linanuka zizi. Sisi watu wa hapa hayo ndiyo manukato yetu.

Farasi aliwapenda wote, lakini Francie alikuwa wake. Alipoletwa alikuwa mtundu wa kupindukia, anang'ata mtu yeyote anayemkaribia. Alimng'ata Breen mwenyewe begani. Alimla Pakie Looby kofia, na Pakie, saisi mwenzake Dympna wa miaka mingi, mpaka leo anaililia kofia hiyo. Dympna peke yake ndiye aliyeweza kumsogelea, akimsemesha polepole huku akimsugua shingo. Kwenye orodha za mbio Francie alikuwa na jina refu la kifahari, lakini jina lake la nyumbani ndilo aliloitikia. Ukiita tu, "Francie!", kichwa kinachomoza juu ya mlango, masikio mbele, kama mtu aliyesikia habari za urithi. Aliposhinda mbio za Punchestown, Dympna alilia mbele ya watu bila haya, kisha akaenda kwa mshona ngozi akamwagizia hatamu nzuri ya kichwani, yenye kibati cha shaba kilichochongwa: FRANCIE.

Sasa kuna mila moja huku kwetu ambayo lazima niitaje. Farasi akiondoka, hatamu yake haiondoki. Dereva huja na kamba yake mwenyewe. Hatamu inavuliwa, inatundikwa tena msumarini, ili baraka ya nyumba isitoke na mnyama. Mila hii ni ya kale kuliko mazizi yenyewe. Ilitufaa pia kwa jambo jingine ambalo hakuna aliyewahi kulitamka: farasi akiondoka kichwa kitupu, hana jina, na asiye na jina hafuatiliwi.

Ilipofika zamu ya Francie, mguu wake ukiwa haufai tena, Dympna alimpiga brashi mpaka akang'aa, akamsuka mkia kama anayekwenda mashindanoni. Halafu akamvalisha ile hatamu ya kibati.

"Wewe mwanamke una wazimu?" Pakie alimaka. "Vua hiyo kitu! Unataka tukose ushindi mwaka mzima?"

"Walioko huko hawamjui. Nani atawaambia jina lake?"

"Na wakilijua watamfanyia nini, watamwimbia?"

"Wataliita naye ataitika. Hang'ati ukimwita kwa jina."

Pakie alikuwa na jambo la kusema, na Dympna aliliona jambo hilo usoni mwake, akageuka upesi kuangalia mkia. Kisha akampandisha Francie mwenyewe kwenye lori, kwa sababu alikuwa hapandi kwa mtu mwingine.

Wakati wa mavuno ukapita, na televisheni ikaonyesha kile kipindi. Nani hakukiona? Kamera ya siri, machinjio ng'ambo ya bahari, farasi wa mbio wamepangwa foleni. Wengine walikuwa bado wamesukwa mikia. Kwenye baa yetu mwenye baa alizima katikati, na bia zikabaki mezani bila kunywewa. Kesho yake nchi nzima ilikuwa inatutazama. Shule zilizokuwa zikileta wanafunzi kuangalia farasi zikafuta safari. Watu waliozoea kumsimamisha Dympna dukani, "Mama, hebu tupe mshindi wa leo," sasa walitazama nembo ya mazizi kwenye koti lake, kisha wakatazama mkate. Alipokwenda Dublin kwa daktari wa macho alilivaa koti nje ndani.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa simu ya Orlaith. Huyu ni binti wa kaka yake, nesi huko Dublin, na kwa Dympna ndiye mtoto pekee aliyejaliwa. Farasi wanamtia Orlaith chafya mpaka macho yanavimba, hivyo hakuwahi kukanyaga zizini. Alimjua Francie kwa masimulizi ya simu tu, kila Jumapili baada ya misa, tangu akiwa mdogo.

"Shangazi, ulijua?"

"Nijue nini, mwanangu?"

"Usinifanye mtoto. Francie yuko wapi?"

"Nyumba nzuri."

"Nyumba nzuri wapi?"

"Tipperary."

"Kijiji gani? Kwa nani?"

Dympna alishika waya wa simu, akauzungusha kidoleni. Alikuwa hana kijiji wala jina la mtu. Alikuwa hajawahi kuuliza.

"Ukijua utanipigia," Orlaith akasema. Jumapili iliyofuata simu haikulia, wala iliyofuata hiyo, na Dympna akawa anachelewa kwa makusudi kutoka kanisani ili asikute nyumba kimya.

Oktoba yeye na Pakie walikwenda gulio la farasi la Ballinasloe, kama kila mwaka. Matope, chai ya kuungua ulimi, wanaume wanapigana viganja kukata bei. Kwenye meza moja ya vitu chakavu palikuwa na lundo la hatamu zilizofungamana, na Dympna, ambaye hawezi kuona ngozi iliyokauka akaiacha, akaanza kuzifungua moja moja tu kwa mazoea. Kibati kikamtokea mkononi.

Hakupiga kelele. Alikifuta kwa kidole gumba, akasoma, akakifuta tena.

"Unapata wapi hizi?" akamuuliza muuzaji.

"Zinaokotwa kule wanakoshushwa, mama. Kwa gunia. Wenyewe hawazihitaji tena." Muuzaji alimwangalia vizuri, akajuta. "Chukua hiyo. Chukua tu, jamani."

Pakie alivua kofia yake pale kwenye matope. Walirudi kwa gari, hatamu ikiwa mapajani mwa Dympna.

"Ulijua," Dympna akasema.

"Na wewe ulijua, Dympna. Ila wewe ulikuwa na moyo, mimi nilikuwa na watoto."

Dympna alimkasirikia hata akataka kushuka garini. Lakini ukweli ni kwamba alijua. Alijua kama mtu anavyojua ugonjwa wake kabla ya kwenda hospitali, na ule mkia aliousuka vizuri siku ile, alijisukia mwenyewe, macho yake yapate pa kutazama.

Wakati huo wakubwa wa mbio walikuwa wanahangaika kuosha jina. Wakapanga siku ya milango wazi: mazizi yote yafunguliwe, watu waje, waandishi waje, waone majani safi na farasi walioshiba. Breen akamwita Dympna ofisini.

"Wewe ndiye utakayesema nao," alimwambia. Amezeeka, Breen, na tangu kile kipindi alikuwa amezeeka zaidi. "Mimi nikisema wanaona tai yangu. Wewe una uso wa kuaminika."

Dympna akaiweka hatamu mezani.

Breen aliisoma. Akasema, "Mila ile haikuwekwa bure," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, haikuwa ya kebehi. "Unadhani napenda? Nikiwaweka wote wanaokwisha, nitawalisha nini? Na nyie nitawalisha nini?"

"Nuala anachukuliwa lini?"

Nuala alikuwa farasi jike mpole, wa kahawia, aliyekuwa ameumia paja majira yale. Kila mtu zizini alijua lori lake linakuja Jumatatu baada ya milango wazi.

"Nipe Nuala," Dympna akasema. "Baba aliniachia konde nyuma ya nyumba. Nipe Nuala, na mimi nitawaambia watu wako wanachotaka kusikia."

"Na hiyo?" Breen akaonyesha hatamu kwa kidevu.

"Hii haitasema kitu."

Hivyo ndivyo alivyouza alichokuwa nacho. Wako watakaosema alikosea, na wengi wao hawajawahi kumtazama farasi anayekungojea umletee ndoo. Mimi simhukumu.

Siku ya milango wazi jua lilitoka, jambo la kushangaza huku kwetu. Watu walijaa uani na chai ya bure. Dympna akavaa koti lake, nembo nje, akaeleza ratiba ya farasi, chakula chake, usingizi wake, na watu wakacheka aliposimulia Francie alivyokula kofia ya Pakie. Ndipo mwandishi mmoja, kijana mpole hata, akauliza, "Na huyo Francie, yuko wapi sasa?"

Breen alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Nyumba nzuri," Dympna akasema, na neno lilitoka jepesi, limezoea njia. Lakini aliziona nyuso zao zinaanza kufungika, akajua halitoshi tena. Lazima iwe na mahali. "Yuko kwangu. Nyuma ya nyumba, kwenye konde la baba yangu. Anakula majani, hafanyi kazi yoyote. Nikimwita anakuja."

Pumzi ikawatoka watu. Kuna mama mmoja alipiga makofi, wengine wakafuatia. Pakie alikuwa mlangoni mwa zizi ameshika ufagio, akaingia ndani. Jioni televisheni ilimwonyesha Dympna akisema maneno hayo hayo, na majirani zake, ambao wote walijua konde lile halina hata mbuzi, hawakusema lolote. Kunyamaza tumekuzoea.

Jumatatu Nuala alitoka kwa miguu yake, bila lori. Breen alimvua hatamu langoni, akaitundika msumarini, kwa maana mila ni mila na ushindi ulikuwa umeadimika. Dympna hakuwa na hatamu nyingine ya kumvusha farasi barabara kuu. Alikuwa nayo moja tu, ile ya kibati. Akaivuta kutoka mfukoni, akalegeza tundu moja, akamvalisha.

Mwisho wa juma gari dogo lilisimama mbele ya nyumba, bila taarifa ya simu kwanza. Orlaith alishuka akiwa bado na sare za kazi. Alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akiwakimbia farasi, akaufikia uzio, akasimama. Nuala alikuwa karibu, anakula. Orlaith aliinama kusoma kibati, akapiga chafya, akasoma tena, na machozi yakaanza, si ya chafya.

"Nisamehe, Shangazi," alisema. Alimkumbatia Dympna kwa nguvu, akamlilia begani. "Nilikufikiria vibaya. Nilisema moyoni mwangu hata wewe... Nisamehe. Kumbe ulimchukua mwenyewe."

Dympna alimshika mgongo. Maneno ya kweli yalimfika ulimini. Angeweza kuyatoa, hakuna aliyewasikia ila farasi. Lakini mwanae alikuwa amerudi, alikuwa mzito na wa moto kifuani pake, na mara ngapi mtu anarudishiwa kitu? Akayameza.

"Mpe tofaa," akasema. "Kiganja wazi, mwanangu, usikunje vidole."

Orlaith alijifuta uso kwa mkono wa sare. Akanyoosha kiganja chenye tofaa juu ya uzio, akaita kwa sauti laini, kama vile alivyosimuliwa kwenye simu miaka yote ile. "Francie! Francie, njoo!"

Nuala aliendelea kula. Hakuinua hata sikio.

"Francie!" Orlaith akaita tena, kisha akamgeukia shangazi yake. "Mbona haitiki? Ulisema ukimwita anakuja."

"Amezeeka, mwanangu," Dympna akasema. "Hasikii tena."